Kilima Kidogo Kinatosha

Mwaka jana mwezi wa pili nilimtumia bibi yangu picha ya mwanangu wa mwisho akiwa kwenye theluji. Bibi yuko Kasulu, simu anayotumia ni ya binamu yangu, na theluji pekee aliyowahi kuiona ni ile ya Kilimanjaro kwenye kalenda ya ukutani. Alinipigia jioni ile ile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu mtoto amefungwa mbao miguuni, kafanya nini?"

Nikamweleza kwamba ni mchezo, kwamba huku watu huzivaa zile mbao juu ya kilima, wakateleza nazo mpaka chini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni kama nyie na maganda ya migomba, siku zile mlizokuwa mnarudi na sketi za shule zimechanika."

Tangu siku ile nimekuwa nikiulaumu moyo wangu kwa miaka mitatu niliyopoteza nikidhani mchezo huu si wetu. Sisi tuliokulia nyanda za juu za Kigoma mteremko tunaujua. Masika yakishika, udongo mwekundu wa Kasulu huwa kama sabuni. Ukipata ganda bichi la mgomba na mahali pazuri pa kushukia, huhitaji kitu kingine. Hata baridi tunaijua, ingawa si kali kama ya huku. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hujaa mabondeni na watoto huenda shule wameficha mikono ndani ya mikono ya sweta.

Nimezaliwa Makere, wilaya ya Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mume wangu alikulia ndani ya kambi hiyo. Leo tunaishi Winooski, mji mdogo wa Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katika majengo tunayopanga Kiswahili hakikosi kusikika kwenye ngazi. Wako waliotoka Nyarugusu, waliokaa kambi ya Mtabila kabla haijafungwa mwaka 2012, waliopitia kambi ya Nduta kule Kibondo, na sisi Waha wachache. Na kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, wengi wetu tunafunga madirisha, tunawasha runinga na kuwaambia watoto wangoje joto. Miezi minne ya kungoja ni mirefu mno kwa mtoto wa miaka minane. Jumamosi anasimama dirishani anawaona wanafunzi wenzake wakiondoka na mbao zimefungwa juu ya gari, na Jumatatu darasani wanazungumza mambo asiyoyajua.

Ninawaandikia nyinyi wazazi wenzangu, popote theluji ilipowakuta, iwe Vermont, Maine, Idaho, Kanada au Norway. Wapelekeni watoto mlimani. Lakini wapelekeni kwenye mlima mdogo, na mwende nao nyinyi wenyewe.

Nasema mdogo kwa sababu mara ya kwanza tulikwenda kwenye mkubwa. Sitautaja jina. Tulisikia matangazo, tukajikusanya familia mbili, tukafika saa nne asubuhi kwenye maegesho makubwa kama uwanja wa ndege. Tulipanga foleni ya tiketi, foleni ya kukodi vifaa, kisha foleni ya lifti, na hakuna aliyetuuliza kama tumewahi kuvaa skii. Tukakaa kwenye lifti ya viti tukifuata watu. Ilipotufikisha juu ndipo tulipojua kwamba njia zote za kushuka kutoka pale zilikuwa za wazoefu. Watoto walilia. Mume wangu alivua skii, akazibeba zote begani kama kuni, tukashuka kwa miguu pembeni mwa njia kwa saa nzima na zaidi, huku watu wakitupita kwa kasi karibu ya mabega. Pesa iliyotutoka siku ile ilikuwa karibu mshahara wangu wa wiki. Kwenye milima mikubwa ya Marekani tiketi ya siku moja ya mtu mzima, ukiinunulia dirishani, siku hizi hupita dola 150, na hapo bado hujakodi chochote. Binti yangu mkubwa aliapa kwamba hatarudi tena.

Aliyemrudisha ni mwalimu wake wa shule, aliyetuelekeza Cochran's, kilima kilichoko Richmond, mwendo usiofika nusu saa kutoka kwetu. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu ni mfano mzuri wa unachotakiwa kukitafuta huko uliko. Mwaka 1961 Mickey Cochran, aliyekuwa mhandisi, alifunga kamba ya kuvutia watu kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yake ili watoto wake wanne wapate pa kujifunzia. Watoto wa jirani wakaja, na mama wa nyumba, Ginny, akawa anawafundisha. Wale wanne wote waliingia timu ya taifa ya Marekani, na mmoja wao, Barbara Ann, alipata medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972. Mjukuu, Ryan Cochran-Siegle, alipata fedha Beijing mwaka 2022. Kilima chenyewe, kutoka juu hadi chini, kimo chake ni kama mita 100 tu. Leo kinaendeshwa kama shirika lisilo la faida, na shabaha yake ni kwamba mtoto asikose kuteleza kwa sababu ya pesa.

Kimo hicho kisikudanganye ukakidharau. Kwenye kilima kidogo njia zote huishia mahali pamoja, mbele ya nyumba moja ya kupumzikia. Mtoto hawezi kupotea upande wa pili wa mlima. Unaweza kukaa dirishani na kikombe chako cha chai na ukamwona anashuka, anaanguka, anainuka. Mwalimu wa leo ndiye wa Jumamosi ijayo, na atalishika jina la mwanao. Bei nayo mara nyingi haifiki hata nusu ya ile ya mlima mkubwa. Na mtoto anayejifunza hatumii mlima mzima hata akipewa, anatumia mita 50 za chini, anazirudia mara 30 kwa siku.

Kwa hiyo ukiulizia, usiulizie mlima maarufu. Uliza shuleni, maktaba, au ofisi iliyokupokea ulipofika: kilima cha karibu ambako watoto wa hapa hujifunzia ni kipi? Halafu piga simu uulize kama wana mkanda wa kupandishia wanaoanza au kamba fupi ya kuvuta, kama wana bei moja inayojumuisha tiketi, vifaa na mwalimu kwa mtu wa mara ya kwanza, na kama unaruhusiwa kula chakula chako mwenyewe ndani. Wakijibu ndiyo kwa yote matatu, nenda.

Kuhusu siku ya kwenda, mimi nasema Machi. Watu wengi wanakwenda mara ya kwanza Januari kwa hamu, baridi inawapiga, hawarudi. Machi siku ni ndefu, theluji ni laini, hewa mchana inazunguka kwenye sifuri. Epuka wiki ya likizo ya katikati ya Februari, maana kila kilima kinafurika. Jumapili mchana baada ya ibada ni nzuri, wenyeji wengi huwa wanaanza kurudi nyumbani. Na kama utabiri unasema nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, mimi watoto siwatoi, hata kama tiketi nimeshalipia.

Sasa mavazi, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi. Adui wa kwanza ni pamba. Jinzi, fulana ya pamba, soksi za pamba: vyote vinanyonya jasho na theluji, vikishalowa vinaunyonya mwili joto. Nguo ya kwanza kugusa ngozi iwe ya sufu au ya nailoni inayobana mwili, juu yake sweta nzito, juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji. Hizo tabaka tatu zinashinda makoti mawili manene yaliyovaliwa juu ya pamba. Si lazima ziwe mpya. Maduka ya mitumba ya huku yamejaa suruali za theluji za watoto, kwa kuwa mtoto huvaa msimu mmoja zikawa zimeshamwacha. Tuliokulia kuchambua mabelo ya sokoni tunajua kupapasa mshono na kuvuta zipu kabla ya kulipa.

Soksi ni jozi moja, ndefu hadi chini ya goti. Najua mama anapoona theluji mkono unakwenda wenyewe kwenye jozi ya pili. Ukizivalisha mbili zinabana mguu ndani ya buti, damu haipiti, vidole vinapoa upesi kuliko vingekuwa na moja. Glavu zile za vidole vyote vinne kukaa pamoja na gumba peke yake zina joto kuliko za vidole vitano. Chukua jozi mbili kwa kila mtoto, maana ya kwanza italowa kabla ya saa sita.

Halafu kichwa. Helmeti ni lazima, na helmeti haikubali mafundo. Binti yangu alikwenda siku moja amesuka vitutu, helmeti ikakaa juu kama sufuria juu ya mafiga. Siku hizi, Ijumaa usiku namsuka twende kilioni, mistari iliyolala inayoishia nyuma shingoni, na helmeti inakaa inavyotakiwa. Rasta ndefu zifunge chini, nyuma ya shingo, uziingize ndani ya koti. Dada zetu wanaovaa mtandio wavae kile kikofia chepesi cha ndani kinachobana, helmeti juu yake, na shingo waifunike kwa kitambaa cha mviringo kisicho na ncha. Ncha yoyote inayoning'inia, ya mtandio, ya skafu, ya kitenge, ni hatari kwenye kamba na lifti. Na nimwombe kila mama: mtoto mchanga usimbebe mgongoni ukaingia naye kwenye mtelezo, hata uwe wa mita kumi. Baki naye ndani, mpokezane na baba yake.

Ngozi yetu pia ina mambo yake ambayo wenyeji hawatakuambia, si kwa ubaya, hawayajui. Hewa ya huku ni kavu mno, kwa hiyo mafuta ya mgando kwenye mashavu, midomo na chini ya pua kabla ya kutoka. Jua nalo linachoma. Theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, ikaingia machoni na chini ya kidevu, hivyo mafuta ya kukinga jua na miwani ya theluji vinamhusu mtoto mweusi sawasawa na mweupe. Jambo zito zaidi ni kuungua kwa baridi. Kwenye mabango utasoma kwamba ngozi iliyoanza kuganda huwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwa watoto wetu wekundu huo hauonekani. Tafuta mahali palipopauka, penye rangi ya majivu, ngozi imekuwa kama nta, na mtoto anasema hapahisi. Angalia ncha za masikio, pua, mashavu na vidole kila baada ya nusu saa. Ukikuta, ingia naye ndani, vidole vyake viweke kwapani mwako au kwenye maji ya uvuguvugu unayoweza kuyavumilia kwa kiwiko. Usisugue, usimweke karibu na moto. Hisia zisiporudi au malengelenge yakitokea, nenda hospitali.

Mkifika, kabla ya kuvaa chochote, kila mtoto aende chooni. Mara yangu ya pili nilimvalisha mwanangu tabaka zote, suruali, koti, glavu, helmeti, tukamaliza dakika 20, ndipo akasema anataka kukojoa.

Kwenye chumba cha kukodi vifaa msiharakishe. Karani atakuuliza umri wa mtoto, urefu, uzito, na kama amewahi kuteleza. Majibu hayo ndiyo yanayoongoza kile kishikizo kinachounganisha buti na skii. Mtoto akianguka vibaya kishikizo kinatakiwa kimwachie mguu kabla goti halijapinda. Kikikazwa kupita uzito wake hakiachii, kikilegezwa kinaachia ovyo katikati ya njia. Kwa hiyo uzito sema wa kweli, wako pia, usione haya. Na angalieni kipimo. Sisi tumezoea kilo, Wamarekani wanatumia pauni. Mtoto wa kilo 30 ana pauni 66. Nimemwona baba akijaza 30 kwenye fomu ya kijana wake wa miaka tisa. Kwa pauni huo ni uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Karani alikuwa na foleni ndefu, hakuinua macho. Nilimgusa bega yule kaka, tukairekebisha.

Buti zijaribiwe vizuri. Mtoto akisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti na kuegemea mbele virudi nyuma kisigino kikae imara. Hicho ndicho kipimo chake. Sisi tumelelewa kununuliwa viatu vya shule vyenye nafasi ili tukue navyo, na ni desturi nzuri kwa viatu vya shule. Kwa buti za skii ni hatari, maana mguu ukicheza ndani mtoto hawezi kuziongoza skii. Ndani ya buti iingie soksi peke yake. Suruali ya ndani ipandishwe juu ya buti, suruali ya nje ishuke ikafunike buti. Skii zenyewe, ukizisimamisha, zimfike kati ya kifua na kidevu.

Hapo kwenye fomu utatia pia sahihi karatasi ya kukubali hatari za mchezo. Isome kwanza. Kama Kiingereza chake kinakusumbua, mwombe kijana wako mkubwa akusomee, na uhakikishe bima ya afya ya mtoto iko hai kabla ya siku hiyo.

Nikija kwenye mtelezo wenyewe, mchukueni mwalimu. Mimi nilitaka kuwafundisha wanangu mwenyewe kwa kutazama video, nikapoteza siku mbili. Mwalimu huanza kwenye tambarare: skii moja mguuni, kuzunguka nayo kama mtoto anayesukuma kigari cha mbao, kisha mguu wa pili, kisha namna ya kuanguka kwa ubavu na kuinuka skii zikiwa zimekingama mteremko. Kusimama ndilo somo kubwa. Huku watoto huambiwa watengeneze kipande cha piza kwa skii zao. Wangu waliona wanaelewa zaidi nilipowaambia kipande cha chapati, ile chapati iliyokatwa robo: ncha za mbele zinakaribiana, visigino vinatawanyika, na ukizidi kutawanya ndivyo unavyopunguza mwendo. Siku hizi nikiwa chini ya kilima sauti yangu inasikika mpaka juu, "Chapati! Chapati kubwa!" na watoto wa Kizungu nao wameshaidaka, wanaambiana.

Mzazi naye avae. Najua utasema mgongo, utasema umri, utasema zamu ya usiku imekuchosha. Lakini mtoto akikuona umeanguka ukainuka unacheka, woga wake unapungua kuliko kwa maneno yoyote. Mume wangu, ambaye utoto wake wote alipangiwa pa kulala na pa kupanga foleni, aliniambia jioni moja kwenye gari kwamba hajawahi kukumbuka yeye na baba yake wakicheza kitu kimoja. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuamka.

Lifti zina adabu zake. Mkanda unaotembea ni rahisi, unasimama tu skii zikiwa sambamba. Kamba ya kuvuta ishike polepole, iache iteleze kwanza kiganjani ndipo uibane, ukiikamata kwa ghafla itakung'oa. Ule mti wenye umbo la herufi T usiukalie, unauegemea kwa makalio tu ukakuvuta ukiwa umesimama. Kila mgeni hujaribu kuukalia na kila mgeni huanguka. Ukianguka, toka haraka kwenye njia ya anayekuja nyuma.

Njia zimewekewa alama. Amerika ya Kaskazini duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ya wazoefu. Mwambieni mtoto kwamba kijani ndiyo rangi yake mpaka mwalimu aseme vinginevyo. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba aliye mbele yako, chini yako, ndiye mwenye haki ya njia. Wewe uliye juu unamwona, yeye hakuoni. Waliowahi kutembea barabara ya kutoka Manyovu kushuka Kigoma na kuona baiskeli zilizosheheni ndizi zikiporomoka watanielewa upesi. Mwenye mzigo anayetoka juu ndiye anayetazama, anapunguza, anapiga kelele kwa walio chini. Msisimame katikati ya njia wala nyuma ya kichuguu mahali msipoonekana. Mkitaka kupumzika, sogeeni pembeni.

Chakula bebeni. Kwenye nyumba ya kupumzikia sahani ya viazi vya kukaanga itakula pesa ya tiketi. Sisi tunakwenda na chupa mbili za chai ya tangawizi, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, mayai ya kuchemsha, na karanga. Majirani zetu Wakongo huja na sambusa na maandazi. Watoto wapewe kitu kila baada ya saa moja na nusu hata kama hawajaomba, na maji pia, kwa sababu baridi huficha kiu. Na mkiwa mnateleza Machi hapa Vermont mtaona mabomba membamba yamefungwa kwenye miti ya mepo. Ni msimu wa kukinga utomvu wake, ambao huchemshwa ukawa shira. Wajukuu wa Cochran wanaichemsha pale pale kilimani. Onjesheni watoto. Mwanangu alisema ni kama asali ya Kibondo iliyotiwa maji, na mimi naona asali ya Kibondo bado haijapata mpinzani, lakini shira hiyo juu ya chapati ya moto ni nzuri kweli.

Pesa ndiyo inayowazuia wengi, na ipo njia. Majimbo kadhaa, kama Vermont, Idaho na Colorado, yana pasi za bei ndogo kwa wanafunzi wa darasa la tano, yaani watoto wa miaka 10 au 11, zinazowapa siku nyingi kwenye vilima vingi. Shule nyingi huwa na siku zao za skii na zina mfuko wa kuwasaidia wasioweza, ila hawakupi usipoomba. Omba. Si aibu, mfuko umewekwa kwa ajili hiyo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hufanyika minada ya vifaa vilivyotumika, na wapo wanaokodisha seti ya mtoto kwa msimu mzima kwa bei ya kukodi siku chache tu mlimani. Jioni na siku za kazi tiketi hushuka.

Ndugu walioko nyumbani wanaosoma haya wakadhani mchezo huu lazima uvuke bahari, ipo Afriski kule Lesotho, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji huwepo Juni hadi Agosti. Nako ni kadogo, njia yake kuu ina urefu wa kilomita moja hivi, panafaa familia. Na watoto wakiuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyefika mbali kwa skii, waambieni habari za Philip Boit wa Kenya. Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Waambieni pia juu ya Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, aliyeshuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018 akiwa na bendera ya Kenya. Nasubiri jina la Muha.

Neno langu la mwisho ni juu ya buti. Binti yangu yule aliyeapa kutorudi sasa ana miaka 14 na anasaidia kufundisha wadogo Jumamosi asubuhi. Buti zake za kwanza zilimwendea mdogo wake, kisha wa mwisho, na mwaka huu zimembana naye. Nimezifuta, nimebadilisha soli za ndani, na nimezipeleka ghorofa ya tatu kwa familia iliyotoka Nduta, yenye mtoto wa miaka saba ambaye majira yake ya kwanza ya theluji aliyamalizia dirishani. Za kwako zilizobana ziko wapi? Zitoe kabatini. Na kama kwenye gari lako kumebaki kiti kimoja Jumamosi, pita umgongee mtoto wa jirani.